Jeneza Moja, Majimbo Mawili

Mjomba wangu alikuwa na chumba kimoja Kilburn, London, juu ya duka la nyama, na mie nililala sakafuni kwake miaka ile nilipokuwa nasafisha maofisi Croydon. Shule niliishia la saba, lakini mkono wangu ulikuwa umetulia. Wake ulishaanza kutetemeka. Ndiyo maana ramani nikaichora mie.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kisiwani kwetu tume ya uchaguzi ilipitisha mstari mpya katikati ya kijiji cha mjomba. Nyumba za juu zikabaki jimbo lile lile, za bondeni zikatiwa jimbo la jirani, ili kura zao zikamezwe huko. Kaka yake mjomba, aliyebaki kule, akaenda mahakamani na wenzake kuomba mstari ufutwe. Wakili wao akapiga simu London: anataka kiapo cha mtu mzima aliyekulia pale, na ramani ya kuonesha kwamba kijiji ni kimoja.

Mjomba hajakanyaga kule tangu alipokimbia. Kura hapigi, huku wala kule. Lakini yeye ni wa juu, na mama yake kazikwa bondeni.

Alinikalisha na karatasi, nyuma ya ratiba yangu ya shifti. "Usinichoree barabara," akasema. "Nichoree jeneza."

Kwao kijiji hakipimwi kwa njia wala kwa kisima. Msikiti, ulioko juu, una jeneza moja, na wote wanaobebwa kwa jeneza hilo ndio kijiji. Basi akafumba macho akawa anataja nyumba moja moja, nani alitolewa wapi, nami natia alama. Saa nzima tulikuwa na maiti tu mle chumbani.

Mie huzuni ikizidi, mdomo huniwasha kwa mzaha. Siku ile ukaniwasha mkono. Tulipofika nyumba ya bwana mmoja wa bondeni, mzima bado, mnene hata mlangoni anapita ubavu, nikaandika pembeni kwa herufi ndogo: "Huyu akifa yataka majeneza mawili." Nilijua mjomba ataliona, atanichapa kofi la kisogo, tucheke kidogo, nifute. Hakuvaa miwani. Akatia sahihi kiapo na ramani, nikakimbia duka la faksi nikavituma kama vilivyo. Nilikumbuka kwamba sijafuta nikiwa ndani ya treni. Nikajiambia, nani atasoma mambo yale.

Alisoma wakili wa upande wa pili. Kaka yake mjomba ndiye aliyetusimulia kwa simu: wakili huyo alisimama mbele ya jaji, akaisoma kwa sauti, kisha akasema, "Mheshimiwa, hata wao wenyewe hawajui kama jeneza ni moja au mawili." Mahakama nzima ikacheka. Yule bwana mnene alikuwa amekaa benchi la mbele, na kanzu yake ya Ijumaa.

Hukumu ikatoka. Jaji alisema kukata majimbo ni kazi ya tume, na hakuoneshwa ushahidi wa kutosha wa kumfanya aiingilie. Wakili wetu alisema tungeshindwa tu, kwa ramani au bila ramani. Huenda. Mpaka leo sijui, na hilo ndilo linaloniuma.

Mjomba hakunigombeza. Bora angenigombeza. Aliniuliza tu, "Ulipoandika, ulicheka peke yako?"

Nikasema ndiyo.

"Haya."

Haukupita mwaka, simu ikalia. Yule bwana wa bondeni kafariki. Mjomba alisikiliza, akamwombea, akauliza jambo moja kwa sauti ya chini, akaweka simu. Walimtoa nyumbani kwake jimbo moja, akasaliwa msikitini jimbo la pili, akarudishwa bondeni kuzikwa.

"Lilitosha," mjomba akaniambia. "Hilo hilo moja."

Nilikuwa na neno la mzaha, tena zuri, liko ncha ya ulimi. Nikalimeza, nikavaa yunifomu yangu, nikenda kazini.