Juma la Jua Mwezi wa Saba

Kwetu mlimani mwezi wa saba ni wa baridi. Wingu hushuka hadi kwenye migomba, nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka, na kahawa iliyoanikwa huanza kunuka uvundo.

Mwaka ule, wanunuzi binafsi wa kahawa walipokuwa wameanza kupanda na magari yao hadi kwetu, nilikuwa fundi cherehani Pasua, mjini chini ya mlima. Nilipanda nyumbani kumuuguza mama. Daktari alisema ni mapafu, akampa dawa na kuturudisha. Wiki ya tatu sasa alikuwa kitandani chini ya mablanketi mawili, na sweta la mtumba alilokataa kuvuliwa.

Jumatatu moja tuliamka wingu halipo. Kufikia saa nne bati lilikuwa linaalika kwa joto. Baba alitoka haraka kuanika kahawa. Mama akasema, "Nitoeni nje."

Tulimkalisha kwenye kiti uani. Alifumba macho, akaelekeza uso juani. Kesho yake jua lilitoka tena, akamaliza bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi. Siku ya tatu alivua sweta mwenyewe. Siku ya nne alidai ungo, akachambua kahawa huku akimsema baba kwamba anachanganya nzuri na mbovu. Jirani aliyepita alisimama kumshangaa.

"Shikamoo mama. Umepona?"

"Marahaba. Si unaniona?"

Nilifua mablanketi. Yalikauka siku hiyohiyo.

Jumamosi akaniambia, "Rudi kazini, mwanangu. Utakuta mtu mwingine amekalia cherehani yako."

"Na wewe je?"

"Mimi nipo."

Nikashuka.

Jumatatu Pasua iliamka na manyunyu. Nilivaa koti, nikashona sare za shule. Jumanne, kama saa tano, kaka yangu alisimama mlangoni, viatu vimejaa tope. Nilijua, lakini nilimwambia asubiri nimalizie pindo.

"Unashona nini wewe?" akasema. "Mama hayupo."

Nilimalizia pindo, nikakata uzi.

Tulimzika kihambani, kwenye shamba letu la migomba, katika mvua nyembamba. Kinamama wa kanisani waliimba. Shangazi alinibana mkono akaninong'oneza, "Lia, mwanangu. Watu wanatazama."

Nilitaka kumtii. Nilisubiri machozi kama mtu anayesubiri chafya, hayakuja. Nilichoona ni kwamba soksi zangu zimelowa.

Baada ya matanga nilirudi Pasua. Tajiri wangu aliniuliza kama nahitaji siku zaidi. Nikasema hapana, nikamuuliza zimebaki sketi ngapi. Wateja walinipa pole nami niliwashukuru. Nilikula, nililala, nilijibu salamu. Ilikuwa hivyo hadi karibu na Krismasi, na hata leo siwezi kusema ganzi ile ilikoma siku gani.