Barua ya Daktari wa Nyanya

Mbeya, Jumatatu alfajiri. Niliondoka kwa sababu tajiri wangu, mwenye lori ninaloendesha, aliamini mimi ni mlevi. Nikigeuka kitandani, dari ilizunguka kama pangaboi. Siku moja nililala chini ya lori kukagua springi, nikatapika. "Umekunywa?" aliniuliza. Nikainamisha macho, kama nilivyolelewa kufanya mbele ya mkubwa. Akasema hayo ndiyo macho ya mkosaji, akachukua funguo mpaka nilete barua ya daktari. Nina watoto watatu na kazi nyingine siijui.

Nyololo, saa tano. Ni aibu dereva kuwa abiria. Kila kona nilikanyaga breki isiyokuwepo, hadi jirani yangu akaniuliza kama nina siafu kwenye viatu.

Iringa, saa tisa. Nesi wa Mbeya alikuwa amenielekeza kwa daktari mstaafu wa ubongo. "Huyo mama ndiye aliyetufundisha kusoma macho," alisema. Nilitegemea mashine. Nikakuta bibi anapukuchua mahindi barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inua macho."

Nikayainamisha zaidi. Akacheka.

"Miaka yote mnaniletea kope tu! Unajua nilijifunzia wapi? Ilula, kwa wauza nyanya wa barabarani. Basi likipita, macho yao yanalifuata, yanaruka kurudi, yanafuata tena. Na hawajui kama nawatazama! Nikasema, kumbe ubongo unajianika hapa. Wakubwa wangu hospitalini wakaniita daktari wa nyanya. Leo wanafunzi wangu wanapima macho hadi huko kwenu."

Akaniingiza ndani, akanilaza, kichwa kikaning'inia ukingoni mwa kitanda. "Usifumbe!" Dunia ikazunguka. Nikamng'ang'ania mkono huku nikimwita mama yangu mzazi.

"Yanaruka vizuri," alisema, kana kwamba nimefaulu mtihani. Ugonjwa ulikuwa ndani ya sikio: vichembe vya mizani ya mwili vimehama mahali pake. Akanigeuza kichwa taratibu, upande huu, kisha ule, akaniketisha. Akarudia. Dari ikatulia. Nililia, na sioni haya kusema. Kisha akaniandikia barua.

Mbeya, Jumatano. Njiani kurudi nilikuwa nimechungulia macho ya abiria wa dirishani. Yote yanarukaruka, hata ya mchungaji mmoja mwenye Biblia mkononi. Nikajifunza kwamba macho ya mtu yanasema mengi, ila lazima kwanza ayainue yaonekane.

Tajiri alisoma barua mara mbili. "Kwa hiyo hukunywa?"

Shingo ilitaka kuinama kwa mazoea. Nikaizuia, nikamtazama usoni.

"Sikunywa."

Yeye ndiye aliyeinamisha macho, akaanza kutafuta funguo mfukoni.