Lifti ya Kurudi Saboti

Mwaka wa 2003, bwana mmoja wa ubalozi wa nchi moja ya Ulaya alikuja Kitale kuwaeleza wakulima kwa nini jeshi la nchi yake lilikuwa na haki ya kumng'oa dikteta kule Iraki. Nasike, mjane wa Saboti, alimsikiliza huku akimaliza soda yake. Mkutano ulipokwisha, bwana yule akataka kumpa lifti.

Mlangoni mwa Landrova yake palikuwa na kibandiko cha msaada: mikono miwili ikisalimiana. Nasike alikijua. Enzi za chama kimoja, serikali ilimbeba mumewe kwa Landrova ya msaada yenye kibandiko hicho hicho, kisa aliuliza swali barazani. Hata maiti haikurudi. Ukoo ukazika mgomba badala yake.

"Asante, bwana, nitatembea," akasema. "Shambani nimebakiwa na mgomba mmoja tu."