Faili Nne Ziitwazo Mama

Jamaa zangu hawana ubunifu wa majina. Mama alipofariki, kila upande ulinitumia wasifu wake, na kila faili iliitwa "mama". Mimi, kitinda mimba niliyeishi naye hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, miaka yake ya mwisho, ndiye niliyeachiwa kazi ya kuziunganisha ziwe kijitabu cha mazishi. Si nashinda kwenye kompyuta, walisema.

Niliiweka kila moja katika folda ya walioituma, nikazifungua zote katika programu ninayofanyia kazi. Pembeni kushoto zikajipanga: mama, mama, mama, mama. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshachanganya faili na kumgeuza mjomba kuwa mjukuu. Nikakasirika, nikaiamuru programu ipange faili zilizo wazi kwa folda. Papo hapo kila mama akapata kwao. Kianjokoma, alikozaliwa, walimkumbuka msichana mbishi shambani mwa majani chai. Laare, alikoolewa, walisifu mikono yake myepesi ya kufunga miraa. Wa kanisani walikiri kwamba maombi yake yalikuwa marefu. Wajukuu nao walikuwa na lao.

Chini kabisa, nje ya folda zote, ilibaki faili moja tupu isiyo na jina. Ilikuwa yangu. Mchapaji alikuwa anasubiri kijitabu mchana huo, na ukurasa wangu haukuwa na neno hata moja. Nilijihisi mpweke kuliko siku yenyewe aliyofariki.

Nikampigia mama mdogo, mdogo wake Mama, kule Kianjokoma, nikamwomba anisaidie kujua niandike nini kuhusu miaka ile.

"Sisi tutajua aje?" akasema. "Ni wewe ulikuwa unakaa na yeye. Andika tu vile mlikuwa mnaishi."

Nikaandika. Kwamba alinikataza kuwasha kompyuta kabla ya uji. Kwamba hakuwahi kumwamini bosi wangu wa mtandaoni, bosi asiyeonekana. Kwamba mwishoni aliniita kwa jina la dada yake, nami nikawa naitika. Nikaihifadhi katika folda mpya, Dallas, ikakaa humo peke yake.

Kisha nikakwama kwenye uji. Alipenda uwe na ndimu, au aliunywa hivyo kwa sababu mimi napenda ndimu? Nilifikiria wa kumuuliza. Waliojua tulikuwa wawili, na mmoja alikuwa mochari. Nikaandika kwamba alipenda ndimu.