Fomu Iliyokuwa Mkobani mwa Mama Neema

Ipo Jumapili moja ya mwaka 2019, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, na kila nikiikumbuka nachoka upya. Nilikuwa nauza matairi hapa Arlington. Umri ulishavuka hamsini, lakini papara za ujana zilikuwa hazijaniacha. Nilikuwa nimetangaza kugombea ubunge katika bunge la jimbo la Texas, na niliutaka ubunge huo kupita kiasi.

Sisi tuliotoka Tanzania, tukipata jambo kubwa tunaliendesha kama kamati ya harusi, na kwenye kamati ya harusi hakuna anayetoka bila kupewa kazi. Basi baada ya ibada nikasimama ukumbini, pilau likiwa bado la moto, nikagawa fomu za kujiandikisha kupiga kura. Nilimwita kila mtu kwa jina.

"Mama Neema, nakutegemea wewe!"

Mama Neema ni Mkongo aliyekuja huku kama mkimbizi, na kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Aliinuka, akaipokea fomu kwa mikono miwili, watu wakapiga makofi. Nikajiona mbunge tayari. Kujidanganya nako kuna utamu wake!

Papa Byamungu, mzee wa Kikongo aliyestaafu kazi ya ghalani kule Garland, akanivuta pembeni. Hakupandisha sauti.

"Ndugu, hii fomu ni ya raia. Mama Neema hajapata uraia. Akiituma, wanaweza kumfukuza mu inchi."

Nikamjibu kwa kiburi kwamba aliyekosea ataelekezwa na ofisi, asinitibulie shughuli.

"Weye ukianguka, utarudia ku duka yako," akasema. "Huyu mama akianguka, atarudia wapi?"

Sheria ile niliijua, mwanangu. Nilikuwa raia miaka mingi, na fomu yenyewe inauliza uraia juu kabisa. Nilikaa kimya kwa sababu nilipenda makofi. Nikarudi mbele, nikawaambia watu ukweli, na asiye raia airudishe fomu yake. Zilirudi nyingi. Ya Mama Neema haikuwamo. Alikuwa ameshaondoka kuwahi zamu yake.

Simu hakupokea. Nikaenda kumngojea kwenye maegesho ya nyumba anakoishi, tangu saa nane mchana mpaka jua likaanza kuzama, nikiwaza kama ameshaitumbukiza kwenye sanduku la posta. Alipofika nilimweleza. Akafungua mkoba. Fomu ilikuwa imejazwa yote, imetiwa sahihi, imekunjwa vizuri.

"Nilitaka kuituma kesho asubuhi," akasema. "Nilijua haiko yangu. Lakini uliniita mbele ya watu wote, baba. Ningekataa namna gani?"

Akaichana mwenyewe. Nilimwomba radhi, akanikaribisha chai.

Mwaka uliofuata nilishinda. Niligonga milango ya watu nisiowajua, barakoa usoni, mingine ikifungwa kabla sijamaliza salamu. Wapo wa pale ukumbini walioninunia moja kwa moja kwa kuwaweka hatarini, na sikuwalaumu. Matokeo yalipotoka, Mama Neema alinipigia simu kunipongeza, na alifurahi kwelikweli, kana kwamba sikuwahi kumkosea. Nilitoka nje nikalia. Wenzangu walidhani ni furaha.

Sasa nasikia nawe, mwanangu, huko Katy, kampuni yako imesimama na unataka kugombea. Gombea, sikukatazi. Ila kabla hujamwita mtu mbele ya wenzake, kaa naye faragha. Muulize akikusaidia anaweza kupoteza nini, kisha umpe nafasi ya kusema hapana bila kuona haya. Watu wetu wanaweza kukuheshimu hadi wakajiangamiza, nawe ukabaki unashangilia wingi wao. Kiti utakikosa leo na kesho utajaribu tena. Wao hawana kujaribu tena.

Mungu akubariki, akupe afya ya kuzunguka mitaa yote hiyo, na akuwekee karibu mzee wa kukuvuta pembeni. Na siku akikuvuta, akujalie umsikie kwa neno lake la kwanza, maana mimi nilingoja la pili.