Kwa Nini Willis Alilia Nje ya Ua

Yanayosemwa sokoni Homa Bay, na siku hizi hata Suna kwa jamaa zangu, ni kwamba mwanangu Willis alipofika nyumbani kutoka Botswana alilia na kukataa kuingia katika nyumba ya nyanya yake kwa sababu ya moshi na matope. Wanaongeza kwamba mimi, mwanamke niliyesoma, binti wa Mzee Nchagwa wa Ntimaru, ndiye niliyemfundisha dharau hiyo. Nimeyanyamazia maneno haya miaka mingi. Lakini mwezi ujao Willis anajenga nyumba yake ya kwanza katika boma la marehemu baba yake, na nasikia wapo wanaouliza kama mtu aliyeikataa dala, yaani boma hilo la kwao, ana haki ya kuchimba shimo la nguzo humo. Basi nitaeleza, mara moja.

Mume wangu Dishon alikuwa mwalimu wa hesabu. Alizaliwa karibu na ziwa, upande wa Homa Bay, mtoto wa pili wa Mama Phelesia. Hakuwa mtu wa makuu. Alipenda samaki aliyekaushwa juani, alipenda ubao uliofutwa vizuri, na hakupenda kelele. Mwaka 1990 alipata kazi ya kufundisha Mahalapye, nasi tukaenda naye, Willis akiwa bado ananyonya. Lynnet alizaliwa huko huko.

Anayedhani tuliishi kwa raha afikirie Desemba ya Mahalapye. Jua kali, mchanga mweupe, na mji mtupu. Watu wa kule Krismasi inapokaribia hufunga milango na kwenda vijijini kwao na kwenye mifugo yao. Jirani aliyekuwa akituazima chumvi jana, leo hayupo. Katika nyumba zote za walimu ulikuwa unasikia redio yetu tu. Nilipika chapati kama zinavyopikwa kwetu, nikachoma nyama, nikawavika watoto nguo mpya, halafu hapakuwa na wa kuzitazama.

Mwaka mmoja Willis alisimama mlangoni na suruali yake mpya akauliza, "Baba, kila mtu ameenda kwao. Sisi kwetu ni wapi?"

Dishon alikuwa mezani. Alikula chapati yake akaimaliza. Kisha akachukua jembe akatoka uani, na nikamwona anachora duara kubwa kwenye mchanga.

"Mwalimu, unalima nini siku ya Krismasi?" nikamtania.

"Nalima kwetu," akasema.

Alipanda vijiti kuzunguka duara, akasema huo ni ua wa minyaa. Akaweka matofali mawili, hilo lango. Jiwe kubwa kuliko yote akaliweka ndani kabisa, likitazama lango: nyumba ya Dana, yaani nyanya. Karibu na lango, upande mmoja, akaweka jiwe la kaka yake mkubwa, Nashon. Upande wa pili, jiwe letu. Nyuma ya jiwe la Dana aliacha nafasi ndogo kati ya vijiti.

"Hapa pia ni lango?" Willis akauliza.

"Hapo ni pengo. Mtu wa nyumbani hapiti hapo. Hapo ni pa mbwa na mwizi." Yako mambo mengine ya pengo lile, lakini ni ya misiba, si ya kuwaambia watoto.

Tangu siku ile hiyo ndiyo ilikuwa Krismasi yetu. Kila Desemba duara lilichorwa upya, watoto wakaingia langoni wameshikana mikono na kwenda kwanza kwenye jiwe la Dana. Lynnet alimsalimu Dana kwa Kitswana, "Dumela, mma," akamwekea kipande cha chapati juu ya jiwe. Kuku wa jirani walikuwa na sikukuu njema kuliko sisi. Siku moja mpira uliingia ndani ya duara na Willis akaruka vijiti kuufuata. Baba yake alimrudisha.

"Lakini ni vijiti tu, Baba!"

"Ni kwenu. Toka, zunguka, pita langoni." Mtoto akatoka, akazunguka na kupita langoni, amenuna.

Tulirudi likizo mwaka 1996, siku moja kabla ya Krismasi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na udongo wetu mweusi ukilowa haumheshimu dereva yeyote. Pikapu tuliyokodi Homa Bay mjini ilikwama nyuma ya boma. Shemeji Nashon akatujia na mwavuli mmoja, anacheka, akiniita binti wa Wakuria kama kawaida yake.

"Nyar Kuria, umerudi na mvua! Haya, tupitieni hapa nyuma, watoto wataloa." Akatuonyesha pengo katika minyaa. Mlango wa Dana ulikuwa hapo hapo. Tuliuona moshi wake.

Nashon akamshika Willis mkono. Willis akauvuta.

"Sipiti hapa."

"Njoo, mwanangu, Dana anakungoja."

"Sipiti! Sipiti hapa!" Akaanza kulia, akaketi kwenye matope na suruali yake nzuri. Huo ndio ulikuwa mwanzo na mwisho wa kilio kile. Dishon alisimama kando na sanduku kichwani.

Mama Phelesia alitoka akijikokota, goti lake lilikuwa baya. "Nani anamliza mjukuu wangu?"

Willis akamjibu kwa Kijaluo cha kukatakata, alichofundishwa na baba yake: "Mtu wa nyumbani hapiti kwenye pengo."

Mama alitazama pengo, akamtazama mwanawe Dishon, kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Wewe! Ua huu huu si ndio niliokuchapia viboko kwa kuuruka? Na sasa umeubeba hadi Botswana ukamwekea mtoto!" Akaukataa mwavuli wa Nashon. "Nendeni langoni. Nitawapokea huko kama watu."

Tukazunguka boma lote kwenye mvua, na yeye akaenda kwa ndani, polepole, na goti lake. Tulipofika alikuwa amesimama kati ya nguzo mbili, amelowa. Willis alipita wa kwanza. Akasimama, akanyoosha kidole: "Ya baba mkubwa Nashon. Yetu. Ya Dana." Hakukosea hata moja. Lynnet alisema salamu yake ya Kitswana, na Mama, ambaye hakuelewa neno, akaitikia.

Mtoto anayesemwa kwamba aliikataa nyumba ya nyanya yake alilala humo likizo nzima, akarudi Mahalapye ananuka moshi nami nikakawia kulifua shati lake.

Dishon na mama yake wote wamelala sasa. Willis atachimba mashimo ya nguzo zake, na ataingia na miti yake kwa lango.

Aliyeanzisha uvumi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko siku ile, akasikia kilio bila kusikia maneno. Ninamjua. Mkiniuliza ni nani, sisemi. Nimemaliza.