Mbwa Aliyealikwa Arusini kwa Mwanangu

Aibu hii niliileta mwenyewe kwa uvivu wa magoti, na naisimulia kwa sababu mtaa wetu wa Kibokoni mzima waijua, bora muisikie kwangu kabla hamjaisikia kwa Abeid, ambaye huitia chumvi (na haihitaji chumvi, wallahi).

Mwanangu Rukia alikuwa aolewe, nikahi baada ya alasiri, msikiti wa hapa hapa mtaani. Na kwetu baba wa bibi arusi huvaa kanzu akapita baraza baada ya baraza, akasalimu, akauliza hali, akanywa kahawa, akauliza hali za waliosahauliwa, ndipo akataja nikahi. Mtu usipomfikia kwa miguu yako, haji. Sasa mimi nimeshona kanzu Biashara Street umri wangu wote, kutwa nakanyaga cherehani, magoti yamekwisha. Hapo ndipo akaja Swaleh, mwana wa dadangu, kazi yake kutengeneza tovuti.

"Mjomba, wewe keti," akaniambia. "Kuna kiunzi kipya, dunia nzima yakisifu. Kitaalika wewe umelala."

Kiunzi, alinieleza, ni kama mbao za kusimamishia nyumba, ila nyumba yenyewe ni ya simuni. Zamani alijenga kila ukuta kwa mkono, hiki chajenga chenyewe, chepesi, hakikosei. Alikisifu mpaka chai ikapoa. (Skuli ilinishinda mapema, kwa hiyo mtu akisema nisiyoyaelewa ndio humwamini zaidi.) Akanichukua mpaka kwake Nyali, ng'ambo ya daraja, akanionyesha kwenye simu yake: jina la Rukia kati ya maua, saa, msikiti. Nikatokwa na machozi. Nikapita baraza moja tu, ya mlangoni kwangu, nikawaambia mwaliko utawafikia simuni, kutembea kumepitwa na wakati. Nalisema hivyo, kwa mdomo huu huu, na Swaleh akautuma kwa simu za mtaa mzima.

Siku yenyewe wakwe wakafika, wakajaza safu zao. Upande wangu nilikuwa mimi, Swaleh, na paka wa msikiti. Babake bwana arusi akaniinamia taratibu.

"Sheikh, watu wako tuwangoje, ama ndio hawa?"

Akaongeza kwamba magharibi ikiingia bila watu, wao warudi zao, maana hawezi kumwoza kijana wake kwenye nyumba isiyo na wa kuisemea.

Nikatoka mbio, kama yale yangu yaitwa mbio, Swaleh nyuma yangu. Jirani yangu Bi Zuhura akanisimamisha mlangoni kwake, akaniuliza kwa huruma kama ni kweli Rukia kapewa Mzungu. Akanifungulia simu: mwanamke wa Kizungu mabega wazi, mwanamume ana gilasi mkononi, na mbwa kavaa tai. Chini imeandikwa karibuni bustanini, na mbwa pia wanakaribishwa.

Kumbe kile kiunzi hakikai na majina. Kila mtu akifungua, chaenda kuyachukua mbali, na kuta zetu hizi nene za mawe mtandao wapita kwa kudondoka, sasa kikichoka kungoja chaonyesha arusi ya mfano kiliyokuja nayo. Swaleh akaitazama simu yake, iliyokuwa imeyashika majina tangu kule Nyali.

"Kwangu chafanya kazi, Mjomba."

"Basi nenda ukamwoze kwako," nikamwambia.

Nusu ya mtaa walijifungia ndani kwa kuudhika. Nusu nyingine, Abeid (tumekua pamoja huyu) aliwachukua wakaenda bustani ya Mapembeni, kule kwenye pembe za ndovu za barabarani, kwani bustani gani nyingine? Nikapanda tuktuk, nikawakuta na kanzu zao, wamekaa wima.

"Mzungu wako hajafika," Abeid akasema.

Nikamwambia twende, jua lazama. Hakuinuka. Akasema yeye hajaalikwa bado, ila kwa kuchanganywa na mbwa. Ikabidi nimsalimu, nimuulize hali, na wanawe, na mguu wake, kisha wa pili, kisha wa tatu, magoti yakilia, wapita njia wamesimama wanatutazama. Kisha Kibokoni, mlango kwa mlango, kahawa nikiimeza ya moto nikiwa nimesimama.

Rukia aliozwa muadhini akisafisha koo kwa adhana ya magharibi.

Nina binti mwingine, na zamu yake ikifika nitapita barazani hata kwa kutambaa. Abeid nimeshamwalika, ingawa mchumba bado hajapatikana. Alinywa kahawa yake yote, akashukuru, kisha akaniuliza kama mbwa atakuja.